Wasifu wa bosi mpya wa BP ni risiti, si ramani

Desemba 2025, BP, kampuni kubwa ya mafuta ya Uingereza, ilipotangaza kwamba mtendaji wake mkuu, Murray Auchincloss, anaondoka na kiti chake kitakaliwa na Meg O'Neill kuanzia Aprili 2026, maandishi yaliyofuata yalisomeka kama barua ya posa. Binti wa Boulder, Colorado. Kasoma uhandisi wa bahari na uhandisi wa kemikali katika chuo cha MIT. Kaitumikia ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani, miaka 23. Kahamia Woodside, kampuni ya mafuta na gesi ya Australia, mwaka 2018, na 2021 akakabidhiwa kampuni nzima. Ni mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya kampuni tano kubwa za mafuta za Magharibi, na ni mtu wa kwanza kutoka nje kupewa uongozi wa BP tangu kampuni hiyo ianze mwaka 1909 kwa jina la Anglo-Persian. Kila kipengele kikageuzwa ubashiri. Kwa kuwa amelelewa Exxon, BP sasa itakuwa na nidhamu ya Exxon. Kwa kuwa ni mhandisi, enzi ya ndoto za kijani imekwisha. Kwa kuwa ni mgeni, atafagia kila kona.

Naona wasifu huo umesomwa kinyumenyume. Wasifu wa mtendaji mkuu wa kampuni ya nishati unatueleza bodi ilikwishaamua nini kabla ya kumwita mtu kwenye usaili. Kuhusu kampuni itakuwa wapi siku atakayoondoka, hautuelezi karibu lolote. Ni risiti ya kitu kilichokwishanunuliwa, ila sisi tunaishika kama ramani ya safari. Na chanzo cha kosa hili ni muda. Katika biashara hii, kisima hugunduliwa na bosi mmoja, huidhinishwa na wa pili, hutoa mafuta chini ya wa tatu, na kama kuna balaa, hulipiwa na wa nne. Mtu anayekaa kwenye kiti miaka minne au mitano huvuna zaidi alichokikuta shambani kuliko alichokipanda mwenyewe.

Tuanze na yaliyofanyika kabla O'Neill hajafika. Februari 2025, BP chini ya Auchincloss iliuweka kando mkakati wake wa kijani, yaani wa kupunguza mafuta na kuongeza nishati safi. Uwekezaji wa mafuta na gesi ukapandishwa hadi takriban dola bilioni 10 kwa mwaka, fedha za nishati jadidifu na shughuli za aina hiyo zikakatwa kwa zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka, lengo la uzalishaji likawekwa kati ya mapipa milioni 2.3 na 2.5 kwa siku ifikapo 2030, na mali zenye thamani ya dola bilioni 20 zikapangiwa kuuzwa hadi mwisho wa 2027. Wakati huo Elliott, mfuko wa uwekezaji wa Marekani unaojulikana kwa kununua hisa za kampuni iliyolegea kisha kuibana hadi ibadilike, ulikuwa unajikusanyia hisa zilizofikia karibu asilimia 5. Oktoba akaingia mwenyekiti mpya wa bodi, Albert Manifold, aliyejijengea jina katika kampuni ya vifaa vya ujenzi ya CRH. Hata miezi mitatu haikutimia, Auchincloss akawa ameondoka. Mkesha wa Krismasi, Carol Howle akiwa ameshikilia usukani kwa muda, BP ikatangaza kuiuzia kampuni ya uwekezaji ya Stonepeak asilimia 65 ya Castrol, kitengo chake cha vilainishi, kwa takriban dola bilioni 6. O'Neill hakuwa hata na meza London.

Kwa hiyo mwelekeo ulikuwa umeshawekwa, bei ya kuubadilisha ilikuwa imeshapandishwa, na mwenyekiti mwenye haraka alikuwa ameshaketi. Bodi iliyofikia hapo haitafuti mtu wa kuionyesha njia. Inatafuta mtu ambaye sura na historia yake zitawatuliza wanahisa kwamba njia haitabadilishwa tena. Miaka 23 ya Exxon inafanya kazi hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote. Kama bodi hiyohiyo ingekuwa imeamua kubaki na mitambo ya upepo, ingemwita mtu mwenye wasifu mwingine, na sisi waandishi tungebashiri jambo jingine kwa uhakika uleule. (Sijitoi katika kundi hilo. Nimewahi kuandika makala za namna hii, nikianza na kijiji alikozaliwa bosi na kumaliza na bei ya hisa, kana kwamba kuna barabara ya lami kati ya hivyo viwili.)

Historia ya BP yenyewe ndiyo inayonifanya niwe mgumu kushawishika. Bernard Looney, aliyemtangulia Auchincloss kitini, alikuwa mhandisi wa uchimbaji. Aliingia BP mwaka 1991, akafanya kazi visimani, na kufikia 2016 akawa anaongoza kitengo chote cha utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi. Ukiuliza wasifu huo utabashiri nini, jibu la mtu mwenye akili timamu ni mafuta zaidi. Agosti 2020, miezi michache baada ya kukalia kiti, alitangaza kwamba BP itapunguza uzalishaji wake wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 ndani ya mwongo mmoja, ahadi ambayo hakuna mwenzake wa daraja hilo aliyethubutu kuitoa. Februari 2023 akairudisha hadi asilimia 25. Alipoondoka Septemba mwaka huo, nafasi yake ilichukuliwa na mtu wa hesabu, Auchincloss, Mkanada aliyeingia BP kwa mlango wa Amoco, kampuni ya mafuta ya Marekani iliyounganishwa na BP, na ambaye alikuwa mkuu wa fedha tangu 2020. Mtu wa hesabu ndiye aliyeirudisha kampuni visimani. Zaidi ya hapo, ni yeye aliyekuwa ameshika kalamu ya fedha wakati ule mkakati wa kijani unazinduliwa. Mchimba visima aliyakimbia mafuta, mhasibu akayarudia, na mhasibu huyo huyo alikuwa ameidhinisha safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Kilichobadilika kati ya 2020 na 2025 hakikuwa elimu ya mtu yeyote. Mwaka 2020 mahitaji ya mafuta yaliporomoka kwa sababu ya korona, fedha zilikuwa zinakopeka kwa riba karibu na sifuri, na wawekezaji walikuwa wanazipandisha bei hisa za kampuni za umeme wa jua na upepo. Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine, bei ya gesi Ulaya ikapaa, na riba ikafuata. Bodi ya kampuni ya mafuta inapotazama mazingira mawili yaliyotofautiana hivyo, hufikia maamuzi mawili tofauti, hata ikiongozwa na malaika.

Suala la Urusi lina funzo lake, na naona halijatazamwa vya kutosha. John Browne, mwanafizikia wa Cambridge aliyejiunga na BP mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi na baadaye akawa mtendaji wake mkuu, ndiye aliyeiingiza kampuni humo kwa ubia wa TNK-BP mwaka 2003. Aliyetumwa kuuongoza ubia huo alikuwa Bob Dudley, mhandisi wa kemikali wa Kimarekani, mtu mpole wa Amoco. Mwaka 2008, mgogoro na wabia matajiri wa Urusi ulipopamba moto, Dudley alilazimika kuikimbia nchi na kuiongoza kampuni akiwa mafichoni. Kama kuna mtendaji katika sekta nzima ambaye maisha yake yalimfundisha kuiogopa Urusi, ni huyu. Lakini akiwa mtendaji mkuu, mwaka 2013, aliuza nusu ya TNK-BP kwa Rosneft na kubaki na asilimia 19.75 ya Rosneft yenyewe, kampuni ya serikali ya Urusi, kisha akaingia kwenye bodi yake. Siku tatu baada ya vita kuanza, tarehe 27 Februari 2022, BP ikatangaza kwamba inajitoa, na vitabu vikabeba hasara ya takriban dola bilioni 24. Aliyeibeba mbele ya wanahisa alikuwa Looney. Browne alipanda, Dudley akabadili mbegu, Looney akavuna miiba, na katika wote watatu hakuna ambaye wasifu wake ungekudokeza mwisho huo.

Nikisema haya, wapo watakaoniambia kwamba BP ni kampuni yenye mikosi na haifai kuwa kipimo. Basi tuihame, twende Denmark. Kampuni ya Ørsted, iliyokuwa ikiitwa DONG, hutajwa kila mahali kama mfano wa kampuni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe iliyogeuka kuwa bingwa wa upepo wa baharini. Sifa hizo alipewa zaidi Henrik Poulsen, aliyeongoza kuanzia 2012 hadi 2020. Hakuwa mtu wa nishati. Alitoka kampuni ya simu ya TDC, na kabla ya hapo alikuwa LEGO, watengenezaji wa matofali ya kuchezea watoto. Ikazuka nadharia tamu: kumbe mageuzi yanahitaji mtu asiyeijua sekta, asiyeoshwa akili na mazoea yake. Mwaka 2021 Ørsted ikampata Mads Nipper. Naye alikuwa mtu wa LEGO, zaidi ya miaka 20, kisha akaongoza kampuni ya pampu ya Grundfos. Nadharia ile ingekuwa kweli, huyu angekuwa Poulsen wa pili. Hisa za kampuni zilikuwa kileleni mwezi aliopokea kiti. Kisha riba ikapanda, gharama za mitambo na meli zikapanda, na mikataba ya Marekani iliyosainiwa kwa bei za zamani ikageuka kitanzi. Mwishoni mwa 2023 Ørsted ilifuta miradi miwili ya Ocean Wind karibu na pwani ya New Jersey, na katika miezi tisa ya kwanza ya mwaka huo ilikuwa imefuta vitabuni thamani ya krona bilioni 28.4, yaani ilikiri katika hesabu zake kwamba mali zake zimeshuka thamani kwa kiasi hicho. Mwanzoni mwa 2025 Nipper akaondolewa. Matofali yaleyale, kampuni ileile, nchi ileile. Mmoja alisifiwa kama nabii, mwingine akaonyeshwa mlango.

Na hata sifa za Poulsen zina mwenyewe. Mwaka 2009, miaka mitatu kabla hajafika, DONG ilikubaliana na Siemens kuletewa hadi mitambo 500 ya upepo wa baharini. Lengo la kuigeuza kampuni kutoka asilimia 85 ya nishati chafu hadi asilimia 85 ya nishati safi liliwekwa katika kipindi hichohicho, chini ya Anders Eldrup, ambaye kabla ya kampuni alikuwa mtumishi wa serikali, katibu mkuu wa wizara ya fedha. Eldrup alifukuzwa 2012. Kwa hiyo mageuzi makubwa kuliko yote katika sekta hii barani Ulaya yalianzishwa na mrasimu, yakavunwa na mtu wa simu, yakamwangukia mtu wa vitu vya kuchezea. Simpuuzi Poulsen. Kuuza visima vya mafuta mwaka 2017 wakati bado vina mnunuzi kulihitaji uthubutu. Ninachokataa ni kuugeuza wasifu wake kuwa dawa ya kuandikiwa kampuni nyingine.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka Exxon, na sitaki kuipita kwa mbio. Exxon hulea viongozi wake yenyewe. Rex Tillerson, mhandisi wa ujenzi, aliingia mwaka 1975 na kukalia kiti cha juu miaka 31 baadaye. Darren Woods, mhandisi wa umeme, aliingia 1992 na kukipata 2017. Utamaduni wa kampuni hiyo ni mmoja, lugha yake ni moja, na anayetoka humo hubeba tabia inayotambulika: kupima mradi kwa ukali, kutohamishwa na upepo wa msimu, kuheshimu taratibu hadi kuchosha. Watetezi wa O'Neill wanasema BP imekosa hasa kitu hicho, na kwamba miaka 23 ya malezi haifutiki. Nakubali kwamba haifutiki. Nauliza tu imezaa nini huko inakotoka. Mwaka 2010 Exxon ileile yenye nidhamu iliinunua XTO, kampuni ya gesi ya miamba, kwa takriban dola bilioni 41 ukijumlisha madeni, muda mfupi kabla bei ya gesi ya Marekani haijalala kwa miaka. Ankara ilimfikia Woods, aliyefuta vitabuni zaidi ya dola bilioni 19 katika robo ya mwisho ya 2020, sehemu kubwa ikiwa ni gesi hiyo. Mwaka huo Exxon ilipata hasara ya dola bilioni 22.4, ikatolewa kwenye Dow Jones, orodha ya kampuni 30 vinara katika soko la hisa la Marekani, na mwaka uliofuata mfuko mdogo wa Engine No. 1 ukafanikiwa kuingiza watu watatu kwenye bodi yake. Ilipofika 2022, faida ilikuwa dola bilioni 55.7. Mtendaji mkuu hakubadilika, wala shahada yake. Alikuwa mhandisi yuleyule wa umeme katika mwaka wa aibu na katika mwaka wa sherehe. Na Guyana, kito cha Exxon ya leo, iligunduliwa 2015 Tillerson akiwa madarakani, mafuta yakatoka Desemba 2019 Woods akiwa madarakani. Hasara ya XTO na neema ya Guyana zote mbili ni urithi.

Hoja ya pili ina uzito wa aina nyingine, kwa sababu inahusu roho za watu. Inasemwa kwamba kampuni inayochezea shinikizo la chini ya ardhi na gesi inayolipuka lazima iongozwe na mtu aliyewahi kuvaa kofia ngumu, la sivyo wafanyakazi watakufa. Ningependa iwe kweli, kwani dawa ingekuwa rahisi. Machi 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City kililipuka na kuua watu 15. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walionyesha jinsi ukataji wa gharama, ukiwemo ule wa asilimia 25 uliofuata kuunganishwa kwa BP na Amoco, ulivyokula matengenezo na mafunzo. Kiongozi wakati huo alikuwa Browne, mwanasayansi aliyeanzia maisha kwenye visima vya Alaska. Akaja Tony Hayward, mwanajiolojia mwenye shahada ya uzamivu, aliyeingia madarakani 2007 akiahidi kuweka usalama mbele. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ukalipuka katika Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa. Gharama zake kwa BP zimepita dola bilioni 60, na malipo ya suluhu na serikali yalitandazwa kwa takriban miaka 18, hivyo O'Neill naye atayakuta kwenye orodha ya malipo. Browne na Hayward waliijua kazi. Kilichokosekana ni njia ya fundi wa zamu kumfikishia bosi habari mbaya bila kuogopa kibarua kuota nyasi, na njia hiyo hujengwa na bodi kwa kuuliza, kwa kukagua na kwa kulipa, miaka kabla ya ajali. Hapa nakiri kwamba mtu mwenye ujuzi wa kiufundi huwa na faida moja, anajua swali la kuuliza. Ila kujua swali na kuliuliza katika robo ya mwaka ambayo gharama lazima zishuke ni mambo mawili.

Zipo hoja nyepesi zaidi. Ya mtoto wa mkulima, kwa mfano. Looney alikulia kwenye shamba dogo la ng'ombe wa maziwa huko Kerry, Ireland, na habari hiyo ilisimuliwa kila alipohojiwa, kana kwamba kukamua ng'ombe alfajiri humfundisha mtu bei ya gesi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake: idara ya mawasiliano ya kampuni ndiyo huchagua shamba litajwe na nini kisitajwe. Na hili la O'Neill kuwa mwanamke lina maana kubwa kwa wanawake walioko kwenye sekta, sina haja ya kulipunguza, lakini kama utabiri wa sera halibebi chochote. Vicki Hollub alikabidhiwa Occidental, kampuni ya mafuta ya Marekani, mwaka 2016, naye 2019 aliinunua kampuni nyingine ya mafuta, Anadarko, kwa dola bilioni 38 bila kuhesabu madeni, akikopa mno miezi michache kabla ya korona, kama ambavyo wanaume wengi wa sekta hii wamefanya kabla yake.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ya ugeni. Eti BP imeleta jicho jipya. Mgeni wa nani? Aliyetoka Exxon kwenda Woodside kisha BP amehama mtaa tu, hajahama mji. Amekulia katika mikutano ileile, amesoma ripoti zilezile za washauri walewale, na amekaa meza moja na watu anaokuja kushindana nao. Halafu tazama tena tarehe: mgeni anayekuta mkakati umeshaandikwa, mali zimeshapangiwa kuuzwa na mwenyekiti ameshamwondoa mtangulizi wake, atakuja na jicho jipya alitazamishe wapi? Kama bodi ilitaka jicho jipya kwa kweli, ingemleta kabla ya Februari 2025.

Je, wasifu hausemi lolote basi? Unasema kitu kimoja, na ni kidogo: ni mambo gani mtu huyo amezoea kuyaitikia "ndiyo". Hapo ndipo miaka ya Woodside inapofaa kusomwa. Novemba 2021, miezi mitatu baada ya kuthibitishwa, O'Neill aliidhinisha mradi wa gesi wa Scarborough huko Australia Magharibi, dola bilioni 12. Mwaka 2022 akakamilisha muungano na kitengo cha mafuta cha kampuni ya madini ya BHP. Mwaka 2024 akainunua Tellurian, kampuni ya gesi ya Marekani, na Aprili 2025 akaidhinisha kiwanda cha gesi kimiminika cha Louisiana kwa dola bilioni 17.5. Katikati ya hayo, Aprili 2024, asilimia 58 ya kura za wanahisa ziliikataa ripoti yake ya mabadiliko ya tabianchi, naye akaendelea. Huyu ni mjenzi na mnunuzi. Tatizo ni kwamba anakwenda kwenye nyumba inayouza vyombo ili ipunguze deni. BP imejiwekea kushusha deni lake halisi hadi kati ya dola bilioni 14 na 18 kufikia mwisho wa 2027. Kwa hiyo jambo la kumtazamia mwaka wake wa kwanza ni miradi atakayoikataa, na miradi iliyokataliwa haina sherehe wala picha. Mwandishi anayemfuatilia kwa wasifu wake hataiona.

Woodside pia inaonyesha ule mpishano wa muda niliousema mwanzoni. Juni 2024 Senegal ilipata mafuta yake ya kwanza ya baharini, katika uwanja wa Sangomar, na ripoti zikamtaja O'Neill. Uamuzi wa kuwekeza ulifanywa Januari 2020, chini ya mtangulizi wake Peter Coleman. Scarborough, aliyoiidhinisha mwenyewe, ilipangiwa kupakia shehena ya kwanza katika nusu ya pili ya 2026, miezi baada ya yeye kuanza kazi London. Picha atapiga mwingine.

Tukikubali haya, kuna mambo mawili yanayopaswa kutazamwa upya. La kwanza ni malipo. Kwa mwaka 2022 Looney alilipwa takriban pauni milioni 10, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia, katika mwaka ambao bei za mafuta na gesi zilipandishwa na mizinga. Alipoondoka alipoteza hadi pauni milioni 32.4, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuipotosha bodi kuhusu mahusiano yake na wafanyakazi wenzake. Mkakati haukuwemo kwenye hesabu hiyo. Ikiwa bosi huvuna alichopanda mwenzake, kumlipa kwa mavuno ya mwaka ni kumpa bahati nasibu, na kumnyang'anya kwa ukame ni vilevile. Malipo yanayofungwa hadi miradi aliyoiidhinisha ianze kutoa, hata kama ameshaondoka miaka mitano, yangemfanya afikirie zaidi kabla ya kusaini. Najua pingamizi: mtu hatakubali kulipwa kwa kazi atakayomaliziwa na asiyemjua. Huenda. Lakini wanahisa ndio wanaokubali hali hiyo kila siku, na hawapewi pauni milioni 10.

La pili linazihusu serikali zinazojadiliana na kampuni hizi. Mafuta ya Ziwa Albert yaligunduliwa 2006. Total ya Ufaransa iliingia Uganda 2012, ikiongozwa na Christophe de Margerie, mtu wa haiba aliyejua kujenga urafiki na marais. Oktoba 2014 alifariki ndege yake ilipopata ajali katika uwanja wa Vnukovo, Moscow. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, pamoja na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ulifanywa Februari 2022 chini ya mrithi wake, Patrick Pouyanné. Miaka 16 kutoka kisima hadi saini, na mafuta bado hayajaanza kutiririka siku ile. Waziri anayejivunia kwamba anaelewana na bosi wa kampuni anajivunia mtu ambaye, kwa hesabu za kawaida, hatakuwepo siku ya kugawana mapato. Kilichobaki kutoka mazungumzo ya 2012 ni vifungu vya mkataba, kimoja baada ya kingine, na havijali aliyevisaini alisoma chuo gani.

Nirudi kwa O'Neill. Kati ya miradi atakayoikuta BP upo mmoja uitwao Kaskida, kina kirefu cha Ghuba ya Mexico. Uligunduliwa 2006, Browne akiwa bado kitini. Shinikizo la mwamba wake lilikuwa kubwa kuliko vifaa vya wakati huo, ukalala katika enzi ya Hayward, ukalala katika enzi ya Dudley, ukalala katika enzi ya Looney, hadi Julai 2024 Auchincloss alipouidhinisha. Mafuta yake ya kwanza yamepangwa 2029. Ikiwa O'Neill atadumu kuliko watangulizi wake wawili, atakuwepo kukata utepe, na siku hiyo tutasoma kwamba BP ya leo ni matunda ya mhandisi wa MIT.